Kwa Nini Shilingi ya Matibabu Hainunui Afya Ileile Kila Mahali

*Mada iliyotolewa katika chakula cha hisani cha wana-Makete waishio Dar es Salaam, 2024*



Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze dakika ishirini kuhusu afya nyumbani, halafu akaongeza, "Daktari, uzungumze kwa namna ambayo watu watafungua mikoba." Kwanza nimsahihishe. Mimi si daktari, ni tabibu mstaafu. Nimefanya kazi ya tiba miaka thelathini na moja, na minane kati ya hiyo niliifanya kwetu, milimani. Pili, nitajitahidi mikoba ifunguke, ila nina ombi la kutangulia: kabla ya kufungua mkoba tukubaliane fedha ikifika inakwenda kufanya nini. Nimesoma ajenda ya usiku huu. Kuna pendekezo la kujenga jengo jipya la zahanati, na wapo ndugu zangu humu ndani ambao tayari wameahidi bati na saruji. Nawaheshimu sana. Lakini nitasema kile ambacho kazi imenifundisha, hata kama hakitampendeza kila mtu.

Nilichojifunza ni hiki. Shilingi ya matibabu hainunui afya ileile kila mahali. Dawa ileile, muuguzi mwenye cheti kilekile na bajeti ileile vinaweza kutoa matokeo mazuri mahali pamoja na matokeo duni mahali pengine, na sababu mara nyingi haimo ndani ya zahanati. Imo njiani, imo jikoni, imo kwenye nyumba ambayo mgonjwa ametoka na ambayo atarudi.

Zahanati mbili

Tuchukue mfano wa zahanati mbili. Ya kwanza iko kando ya barabara kuu, katika kijiji chenye watu elfu sita. Ya pili iko juu ya mlima kwetu, kijiji cha watu mia tisa. Kila moja ina muuguzi mmoja, jokofu moja la chanjo, na inapokea dawa kutoka Bohari ya Dawa. Muuguzi wa kwanza anaona wagonjwa arobaini kwa siku. Wa pili anaona sita.

Mtu wa hesabu akifika atasema zahanati ya pili inapoteza fedha: mshahara uleule, wagonjwa sita. Kwenye karatasi, yuko sahihi. Sasa tuifunge. Mama mwenye mtoto anayekohoa na kuhema haraka lazima atembee saa nne kwenda zahanati nyingine. Hatakwenda siku ya kwanza. Atasubiri aone. Atajaribu dawa iliyobaki ya mtoto wa jirani. Siku ya nne anambeba mgongoni, na sasa ile nimonia ambayo siku ya kwanza ingetibiwa kwa vidonge vya bei ndogo inahitaji kulazwa, oksijeni, sindano na gari. Ile akiba tuliyoipata kwa kufunga zahanati tumeirudisha mara nyingi zaidi hospitalini, na huenda mtoto tumempoteza.

Kwa hiyo tunapopima ufanisi wa huduma za afya, tusihesabu tu wagonjwa kwa kila muuguzi. Tuulize mgonjwa amefika siku ya ngapi ya ugonjwa. Swali hilo moja linaeleza hali ya barabara, ya kipato na ya familia kuliko ripoti ndefu.

Barabara, mvua na gari lisilo na mafuta

Tunashukuru, mambo yamebadilika. Wazee hapa mnakumbuka safari ya Njombe hadi Makete wakati wa masika: unaondoka asubuhi, unalala njiani, unasukuma basi kwenye tope. Leo lami imefika. Lakini lami imefika makao makuu ya wilaya. Kutoka pale kwenda Ukwama au Kipagalo, au kwenda vijiji vilivyotawanyika kwenye matuta ya milima, mvua ikianza mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tano, barabara ni ileile ya zamani. Ndugu zetu wa Matamba nao wanajua: kwao ni rahisi zaidi kuteremka zile kona hamsini na saba kwenda hospitali ya Chimala, mkoa mwingine kabisa, kuliko kuvuka kuja Iwawa. Mgonjwa hafuati mpaka wa wilaya, anafuata njia inayopitika.

Tunayo pia hospitali ya Ikonda, iliyoanzishwa na wamisionari wa Consolata miaka ya 1960. Wagonjwa wanatoka Mbeya, Songea, hata hapa Dar es Salaam kwenda kutibiwa Ikonda, na sisi tunajivunia. Lakini fikirini jambo hili: mwenye nauli anayepanda basi hapa Dar es Salaam anaweza kufika Ikonda kabla ya mama wa ng'ambo ya mlima ambaye anasubiri mvua ikatike, na mume wake auze debe la viazi apate nauli. Hospitali nzuri kuwa wilayani kwenu si sawa na kuifikia.

Wataalamu wa afya ya uzazi husema mama hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Jengo jipya linagusa kidogo huo wa pili, kwa kijiji kimoja. Huo wa kwanza na wa tatu haliugusi kabisa.

Niwaambie kisa kimoja. Usiku mmoja wa mwezi wa nne nilikuwa zamu katika kituo ambacho sitakitaja. Akaletwa mama kwa machela, amebebwa na wanaume wanane kwa kupokezana, uchungu umemshika tangu juzi yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, upasuaji ulihitajika, nasi hatukuwa na chumba cha upasuaji. Gari la kituo lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Mafuta hayakuwepo. Ilituchukua saa mbili na nusu kuzunguka kijijini kuwaamsha watu, huyu ana lita tano za mashine ya kusaga, yule ana lita tatu. Mama alipona. Mtoto hakupona. Asubuhi niliandika kwenye kitabu kile kinachoandikwa: mtoto amezaliwa mfu. Kitabu hakina safu ya kuandika "mafuta". Ndiyo maana watu wanaosoma vitabu vile ofisini wanadhani tatizo letu lilikuwa la kitabibu.

Leo kuna mfumo wa m-mama. Mama mjamzito, mama aliyejifungua, au mtoto mchanga akipata dharura, unapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na analipwa na mfumo. Ni jambo kubwa, tulitangaze nyumbani mpaka kila bibi alijue. Lakini simu inahitaji mtandao na gari linahitaji njia. Na mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia, au mzee aliyepata kiharusi, hayumo katika mpango huo. Mapengo hayo ndiyo yetu sisi kuyaziba.

Baba yuko Tunduma, bibi yuko nyumbani

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kusafiri. Nani hapa hajui? Ukienda Kariakoo, ukienda Mbeya, Makambako, Tunduma, utakuta duka la mtu wetu. Kuhama kumetusomesha na kumetujengea nyumba. Lakini kuhama kumeandika historia nyingine pia katika madaftari ya hospitali zetu.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2011/12 ulikuta maambukizi mkoani Njombe ni asilimia 14.8, wakati Tanzania kwa ujumla yalikuwa asilimia 5.1. Mwaka 2016/17 Njombe ilikuwa asilimia 11.4. Mwaka 2022/23 ikawa 12.7, na taifa 4.4. Mara zote tatu Njombe ilikuwa juu ya mikoa yote. Tusikimbilie kusema tumeshindwa. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 watu waliacha kufa, na mtu anayeishi anaendelea kuhesabiwa. Sehemu ya asilimia hiyo ni watu ambao zamani tungekuwa tumewazika. Lakini bado ni mzigo, na zahanati ya Makete inaubeba mzigo ambao zahanati ya mkoa mwingine haijui.

Miaka ile ya mwanzo tuliona jambo ambalo takwimu haziliandiki vizuri. Mtu aliugua mjini, akarudi nyumbani kuuguzwa na mama yake. Mji ulipata nguvu zake, kijiji kikapata ugonjwa wake. Kisha akabaki bibi na wajukuu wanne au watano. Bibi huyo, kwa sera ya nchi, akiwa amevuka miaka sitini na hana uwezo, anatibiwa bure. Mjukuu aliye chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Lakini safari si bure. Chakula cha kukaa wodini si bure. Siku tatu za kuacha shamba na kuku si bure. Na mjukuu wa miaka tisa hayumo katika msamaha wowote wa umri. Ndiyo maana utakuta dawa ziko kabatini, zimelipiwa na serikali, na watu wa kuzitumia wako nyumbani kilomita kumi na mbili mbali.

Shamba limejaa, mtoto hakui

Labda mtu atasema, basi tatizo ni umaskini. Si umaskini peke yake. Sikilizeni hili, maana mimi lenyewe liliniumiza. Nyanda zetu zinalisha nchi. Viazi vya Makete viko kwenye kila kibanda cha chipsi hapa jijini. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta katika mkoa wa Njombe asilimia 50 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa taifa ni asilimia 30. Iringa iko juu yetu, karibu asilimia 57. Mikoa yenye chakula ndiyo yenye watoto wafupi.

Inawezekanaje? Nendeni shambani mtaona. Mama anaondoka alfajiri, anarudi jua limezama. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anabaki na dada yake wa miaka saba, anakula viazi mara mbili kwa siku, hana maziwa, hana maharage, hana yai, kwa sababu mayai na maharage ni ya kuuza. Jioni baridi ni kali, wote wanakusanyika jikoni kwenye moto wa kuni, dirisha limefungwa. Mtoto anavuta moshi usiku kucha. Anapata nimonia, tunampa dawa, anapona, anarudi jikoni kulekule. Mwezi wa sita namwona tena. Mwezi wa saba namwona tena. Nimempa dozi tatu kwa ugonjwa ambao jiko lenye bomba la kutolea moshi huenda lingeuzuia. Niambieni, hapo ufanisi umepotelea wapi? Kwangu mimi mwandika dawa, au jikoni?

Nami nikiwa kijana nilikuwa nawafokea akina mama hao. "Mbona umechelewa? Mbona mtoto amekonda?" Mpaka siku moja mama mmoja akanijibu kwa upole, "Baba, ukinipa siku nyingine ndani ya wiki, nitamleta." Tangu siku ile sikufoka tena.

Hesabu zinavyotuumiza

Sasa niguse fedha za serikali, maana wengi hawajui zinavyogawanywa. Tangu mwaka wa fedha 2004/05, ruzuku ya afya kwenda halmashauri iliwekewa kanuni. Asilimia 70 ya uzito iliwekwa kwenye idadi ya watu, asilimia 10 kwenye idadi ya maskini, asilimia 10 kwenye urefu wa njia za magari ya huduma, na asilimia 10 kwenye vifo vya watoto chini ya miaka mitano. Ilikuwa hatua nzuri ya haki, kwa sababu zamani mwenye hospitali nyingi ndiye aliyepata zaidi. Viwango vimeendelea kupitiwa, lakini idadi ya watu imebaki kuwa jambo kubwa.

Sasa tujiangalie. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta Makete ina watu zaidi ya 105,000. Sensa ya 2012 ikakuta 97,266. Nchi nzima iliongezeka kutoka milioni 34 hadi karibu milioni 45, sisi tukapungua. Mwaka 2022 tumefika takriban 109,000, katika nchi ya watu karibu milioni 62. Kwa maneno mepesi: mwaka 2002, katika kila Watanzania elfu moja, watatu walikuwa Makete. Leo hawafiki wawili.

Wale waliopungua wako wapi? Wengine tumewazika. Wengine ni sisi tulioko ukumbini usiku huu. Kila mmoja wetu aliyehesabiwa Temeke au Ubungo ameondoka na kipande chake cha bajeti ya dawa. Lakini milima haikupungua. Umbali haukupungua. Bibi hakupungua. Gharama ya kupeleka chanjo kwenye kijiji cha watu mia tisa ni ileile hata kikibaki na mia sita. Sisemi haya kulaumu mtu. Nasema kwa sababu ndiyo hoja ya haki ya mchango wetu. Hatutoi sadaka. Tunarudisha sehemu ya kile ambacho kuondoka kwetu kumepunguza.

Pale huduma ilipofuata maisha ya watu

Nisije nikawaacha na huzuni. Nimeona mambo yakienda vizuri, na kila mara siri ilikuwa ni moja: huduma ilikubali kufuata maisha ya watu.

Mwaka 2010, wakati bado tuko mkoa wa Iringa, ilifanyika kampeni ya tohara ya wanaume ili kupunguza maambukizi ya VVU. Wapangaji wakasikiliza watu. Kwetu watu wanaamini kidonda hupona vizuri wakati wa baridi, na mwezi wa sita na wa saba shule zimefungwa na kazi za shamba zimepungua. Kampeni ikawekwa wakati huo. Katika wiki sita tu walitahiriwa wanaume na wavulana zaidi ya 10,000. Siri mojawapo ilikuwa kalenda.

Vilevile dawa za kufubaza virusi. Zamani mgonjwa alitembea kila mwezi kuchukua dawa. Mvua ikinyesha, dozi inakatika. Walipoanza kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi mitatu, na baadaye hata sita, mgonjwa akapata siku zake, na muuguzi akapata muda wa kuwaona wanaoumwa kweli. Hakuna jengo lililojengwa. Kuna safari zilizofutwa.

Na kliniki ya mkoba, ambayo vijana wa mjini wanaidharau: muuguzi anabeba chanjo na mizani, anafuata kijiji siku ya mnada au baada ya ibada. Nimefanya kazi hiyo kwa miguu na kwa pikipiki. Hakuna siku niliyochanja watoto wengi kama siku hizo.

Tufanye nini na fedha za usiku huu

Nafika kwenye neno langu gumu. Kwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007, nchi iliazimia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Wananchi walijitolea: walibeba mawe, walifyatua matofali. Matokeo yake mnayaona mkipanda nyumbani mwezi wa kumi na mbili: zahanati zinazofanya kazi, na kando yake maboma. Kuta zimesimama, paa hakuna, au paa lipo mtumishi hakuna. Kijiji kimoja ninachokijua kina jengo zuri, lina rangi, lina jiwe la msingi lenye majina. Popo ndio wanaolala humo. Muuguzi aliyepangiwa aliripoti, akaonyeshwa chumba cha kupanga chenye ukuta wa mianzi, akalala siku mbili kwenye baridi ya mwezi wa saba, siku ya tatu akaomba ruhusa ya kwenda kuchukua mizigo yake. Mpaka leo anachukua mizigo.

Ndiyo maana nawaomba, tusiongeze boma. Tufanye yaliyopo yafanye kazi. Mapendekezo yangu kwa Kamati ni manne.

La kwanza, nyumba ya mtumishi. Pale penye zahanati nzima isiyo na mtu, tujenge nyumba ya vyumba viwili, yenye dari, jiko lenye bomba la moshi, na choo. Muuguzi akikaa, jengo lote linafufuka.

La pili, nyumba ya akina mama kusubiria kujifungua, karibu na kituo chenye upasuaji. Mama wa mbali aje wiki mbili kabla, wakati bado anatembea, asije kwa machela. Lakini nyumba hiyo iwe na jiko, kuni na akiba ya unga na maharage. Nimeona nyumba za namna hii zikibaki tupu kwa sababu mama hana cha kula humo na hana wa kumwachia watoto. Tukijenga kuta bila chakula tumerudia kosa lilelile.

La tatu, maji na mwanga katika vyumba vya kujifungulia. Sisi tuna bahati ya milima: maji ya mserereko yanakuja yenyewe bila mashine. Kuna mahali bomba linapita mita mia mbili kutoka zahanati, na ndugu wa mgonjwa wanabeba ndoo. Mita mia mbili za bomba na paneli mbili za umeme wa jua hazipigwi picha sana, lakini ndizo zinazomfanya mkunga aone anachokifanya saa nane za usiku.

La nne, mfuko mdogo wa dharura na wa bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Mwaka 2024, kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Bibi na wajukuu watano ni kaya moja. Kwa bei hiyo, shilingi 300,000 zililipia kaya kumi, watu sitini. Sehemu nyingine ya mfuko iwe mafuta na bodaboda kwa wale ambao namba 115 haiwahusu. Na usimamizi wake usiwe wa mtu mmoja. Uwe chini ya kamati ya usimamizi ya zahanati, karatasi ibandikwe ukutani kila mwezi: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimemsaidia nani wa kitongoji gani, bila kutaja ugonjwa wake.

Kwa ndugu zangu mlioahidi bati na saruji: ahadi zenu hazipotei. Nyumba ya muuguzi inaezekwa kwa bati lilelile. Jiwe la msingi pia tunaweza kuliweka, kama ni lazima. Ila kwangu mimi jiwe zuri zaidi ni lile daftari la wodi ya wazazi. Mwakani tukikutana hapa, Katibu asitusomee tumejenga nini. Atusomee mama wangapi walisubiri katika nyumba ile na wakarudi na watoto, zahanati ipi ilikuwa haina mtumishi na sasa anaye, kaya ngapi zilitumia kadi. Tukiona hazikutumika, tuulize kwa nini, tubadilishe. Tusione haya kubadilisha.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Wakinga tumezoea kujisifu kwamba methali hiyo ni yetu, ingawa Wawanji hapa wataniambia haiwahusu. (Nasikia wanacheka kule nyuma.) Basi tuitendee haki. Kinga si chanjo peke yake. Kinga ni bomba la maji, ni dari kwenye nyumba ya muuguzi, ni lita ishirini za dizeli zilizofungiwa stoo zikisubiri usiku wa masika.

Yule mama wa mwezi wa nne nilionana naye miaka michache baadaye, mnadani. Alikuwa na mtoto mwingine mgongoni, mzima kabisa. Nikamuuliza safari hii ilikuwaje. Akasema, "Safari hii nilikwenda mapema, nikakaa kwa shangazi karibu na hospitali." Shangazi ndiye aliyekuwa nyumba yake ya kusubiria. Wako wengi kwetu wasio na shangazi karibu na hospitali. Nawaomba usiku huu sisi tuwe shangazi wao.